Sikio Jeupe la Fenwick

Pittsburgh, 8 Oktoba 2016

Mama Mkubwa Aili,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba paka wako Rutabaga bado anakukunjia uso kila ukichelewa na chakula. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepoa, na anaapa kwamba ni yale mafuta uliyomtumia, ingawa mimi nasema ni kwa sababu ameacha kupanda ngazi akiwa na kapu la nguo kichwani kwa ubishi. Ananicheka kwamba dunia nzima ina simu na mimi nanunua stempu. Lakini simu yako huipokei, basi nifanyeje.

Mimi bado niko palepale kwenye duka la mikate. Alfajiri nakanda, jioni nachora. Mwezi uliopita bosi wangu, Bwana Petrakis, alinikuta wakati wa mapumziko napaka rangi mkia wa mbweha, akauliza, "Hivi Maren, hawa wanyama wenye suruali unamchorea nani, watoto?" Nikamwambia, "Watu wazima, tena wanalipa. Sisi watu wa manyoya kila mmoja ana mnyama wake aliyejitungia, ana jina lake na madoa yake. Wengi hawajui kuchora, basi wanatuletea oda sisi tunaojua." Akacheka mpaka unga ukampalia. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi ningekuwa nani?" Nikamwambia kifaru. Alininunia siku kadhaa, lakini juzi kaja kuuliza bei.

Hapo kwenye bei ndipo ninapokwama. Beji ya kuvaa shingoni nachora kwa dola kumi na tano, mwili mzima arobaini. Foleni imejaa hadi Krismasi, na bado mwisho wa wiki natafuta nauli. Wewe ulikuwa ukiuza kabla sijazaliwa. Nielekeze.

Sasa habari njema. Nimepata nusu meza katika ukumbi wa wachoraji kwenye mkutano wetu wa Julai. Nusu meza ina viti viwili. Kiti cha pili ni chako, Mama Mkubwa. Nimeshakuandikisha moyoni.

Na ombi la mwisho, usikasirike. Nyuma ya meza nataka kutundika mchoro wa Fenwick, yule fisi-maji wa Baba Mkubwa Verlin. Namkumbuka kwa mbali tu, nilipokuwa mdogo nikila pasti za nyama jikoni kwenu naye akinitazama kutoka ukutani. Tangu Baba Mkubwa afariki hujamtaja hata mara moja. Ungenitumia picha nimwone vizuri?

Mwanao,
Maren


Munising, 3 Novemba 2016

Maren mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, Rutabaga mzima, theluji imeshafika madirishani na jirani yangu Toivo ameshavunja koleo la kwanza. Shuleni tunawapikia watoto mbaazi na wao wanatupikia kelele. Mwambie mama yako mafuta yale ni ya farasi. Usimwambie kabla hajapona kabisa.

Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi nikae. Dola kumi na tano! Mwanangu, hiyo siyo bei, hiyo ni kuomba radhi kwa kuwa umezaliwa na mkono. Beji moja unaichora kwa saa ngapi? Usinidanganye, wino naujua. Ungebaki kwa Petrakis ukikanda muda huohuo ungepata zaidi, na mkate juu.

Basi sikiliza. Foleni ikiwa ndefu kiasi hicho, bei iko chini, hakuna siri nyingine. Pandisha. Watakaoondoka waache waende, watakaobaki ndio wako. Nusu ya pesa ichukue kabla ya kushika penseli. Mchoro wa kwanza wa penseli mwonyeshe mteja, hapo abadilishe anachotaka, maana rangi ikishaingia na yeye ndiyo kwanza akumbuke kwamba mbwa mwitu wake ana mabawa, mabawa hayo yanalipiwa. Mwenye madoa alipie madoa. Chui mmoja atakulaza hoi kuliko dubu wanne. Na wanyama wawili kwenye karatasi moja ni bei mara mbili, hata wakisema wanapendana.

Kingine, acha kugawa. Najua unagawa, una moyo wa mama yako. Najua pia kwamba desturi yetu haijabadilika: aliyenunua mnyama anaweza kumuuza, lakini aliyepewa zawadi hauzi kamwe, akimchoka anampa mwingine bure kama alivyopewa. Ni desturi nzuri. Lakini zawadi utampa mtu mmoja au wawili maishani mwako, siyo kila anayekuandikia kwamba ni shabiki wako.

Julai siwezi. Kuna kazi ya jikoni shuleni.

Kuhusu Fenwick, hapana. Wala picha situmi. Alikuwa wa Verlin, na Verlin hayupo. Nilikuwa namchora mimi peke yangu, nami nimeacha. Tusilirudie.

Nakupenda, vaa kofia.
Mama Mkubwa wako


Pittsburgh, 11 Desemba 2016

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimevaa kofia. Mama mzima, amegundua habari ya farasi, amekuita jina ambalo siwezi kuliandika, na bado anajipaka.

Shule hufungwa Juni, Mama Mkubwa. Lakini sawa, tusilirudie. Na la Fenwick nimelisikia, nisamehe kwa kuuliza.

Bei nimepandisha! Beji sasa arobaini, mwili mzima mia na kumi, nusu mbele. Nilipotangaza nilijiona kama nimeiba. Theluthi ya foleni ikaondoka siku hiyohiyo, mmoja akaniandikia kwamba nimevimba kichwa. Waliobaki wakalipa bila neno. Mwezi huu nimenunua viatu vya theluji kwa mara ya kwanza bila kumkopa Mama. Nilitamani uwe hapa unione.

Tena nimefanya biashara mpya. Nilichora wanyama sita wasio na mwenyewe, niliowatunga tu kichwani, nikawauza mmoja mmoja kwa watu wasio na mnyama bado. Nimekuwekea karatasi yao humu uwaone. Niambie kama nimewauza vizuri. Huyo wa mwisho, rakuni, ndiye ninayempenda kuliko wote. Watano walinitesa, nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Yeye alinijia mkononi mara moja, sikio la kushoto jeupe, pete ya shaba karibu na ncha ya mkia, kana kwamba tulikua pamoja. Amemnunua mama mmoja dereva wa basi la mji, Geneva Pruitt, kwa dola mia mbili. Amempa jina Juniper. Alipomwona alisema, "Huyu hapa. Ulikuwa umenifichia wapi?" Nikalia mbele ya mteja, aibu tupu.

Krismasi njema. Kuna upweke fulani nauona jioni nikiwa mezani nachora, sijui ni wa nini. Puuza.

Maren


Munising, 29 Januari 2017

Maren,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Theluji.

Bei zako ni nzuri. Yule sungura kwenye karatasi yako ungemuuza zaidi.

Yule rakuni mwenye sikio jeupe, huyo mama wa basi ameshamchukua kabisa? Anaweza kumuuza kwa mtu mwingine?

Aili


Pittsburgh, 12 Februari 2017

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mno, na uliweka jina lako badala ya "Mama Mkubwa wako". Nikaichukua hadi kwa Mama Jumapili, pamoja na nakala ya wale wanyama sita, nikamwuliza nimekosa nini. Alikuwa anamenya viazi vya kujaza ndani ya pierogi. Akavaa miwani yake ya kushonea, akatazama, akasema, "Kumbe Aili amekuruhusu umchore Fenwick."

Nikasema, "Mama, huyo ni rakuni."

Akasema, "Sura ni ya rakuni. Sikio na mkia ni vya Verlin."

Viazi vikaungua. Mama Mkubwa, naapa sikujua. Nilidhani nimemtunga. Kumbe nilikuwa natoa ukutani kwenu, kutoka kwenye kiti kile cha jikoni nilichokuwa nakalia miguu ikining'inia. Kwa watu wetu hakuna wizi mbaya kuliko wa alama za mnyama wa mtu, unajua kuliko mimi, na nimemwibia Baba Mkubwa, tena nikapokea pesa.

Na jibu la swali lako ni ndiyo. Alinunua. Akitaka anaweza kumuuza.

Sema chochote. Hata unitukane.

Maren


Munising, 5 Machi 2017

Mwanangu,

Sikukutukana, wala sitakutukana. Nilipofungua ile karatasi nilikuwa na kijiko mkononi, na kijiko hicho sijui hadi leo kiko wapi.

Sasa nitakueleza mara moja. Mwaka wa themanini na nane sisi wapenzi wa wanyama wa kuchora tulikuwa wachache, tumetawanyika, tunazungusha kijarida chetu kwa posta. Verlin alikuwa akifanya kazi kwenye reli ya kubeba chuma cha mgodini. Aliona mchoro wangu, akaniletea oda: fisi-maji, kahawia mwili mzima, anayecheka kidogo. Akaweka dola kumi na mbili ndani ya bahasha. Nikaanza kuchora. Pale nilipounganisha rangi mkiani pakatokea alama mbaya, nikaifunika kwa pete ya shaba. Halafu nikafika sikio la kushoto na kahawia ikaniishia. Njia ya kwenda Marquette, kwenye duka la rangi, ilikuwa imefungwa na theluji. Nikamtumia hivyohivyo, nikaandika kwamba naona haya, arudishe nitamalizia barabara zikifunguka.

Akanijibu kwa mstari mmoja: "Usimguse, huyu ndiye mimi." Na barabara zilipofunguka akaja mwenyewe kulisema tena, na mchoro ameubeba kifuani chini ya koti. Hakuondoka, Maren. Alikaa miaka ishirini na moja.

Kwa hiyo sikio lile siyo pambo. Ni mahali nilipoishiwa, naye akapapenda. Tangu nimzike sijanunua rangi ya kahawia. Ile picha ya jikoni niliigeuza uso ukutani, kwa sababu nilikuwa nikiitazama nasikia mlango, kana kwamba anaingia.

Namtaka mume wangu. Miaka inapita na watu wananiambia nimepoa, na mimi namtaka vilevile. Sasa alama zake ziko kwa dereva wa basi, kesho akikwama atamuuza kwa mtu, na huyo kwa mwingine, atazunguka mikononi mwa wasiomjua kama kiti cha mnadani. Mrudishie huyo mama pesa zake. Mwambie ulikosea, umpakie sikio kahawia. Zikikupungukia nitakuongezea.

Siyo kwamba nimekukasirikia. Nimekukasirikia kidogo.

Mama Mkubwa wako


Pittsburgh, 9 Aprili 2017

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, Bwana Petrakis ametundika kifaru chake juu ya tanuri na amelipa bei kamili. Nimesoma barua yako mara nyingi mno. Nilikuwa sijui hata nusu yake.

Nilikwenda kwa Geneva. Nilipanda basi lake, nikakaa kiti cha mbele hadi mwisho wa njia, abiria wote wakashuka. Nikamweleza yote, kuanzia jikoni kwenu. Nikatoa pesa zake. Alizitazama tu, hakuzigusa.

"Umechelewa, binti," akasema. "Nimeshaagiza vazi."

Vazi zima, Mama Mkubwa, kichwa, mikono na mkia. Amelipia akiba ya miaka miwili. Mshonaji yuko Ohio na kichwa ameshakiunda.

Nikamwuliza kama anaweza kumchukua mwingine, nitamchorea bure yeyote anayemtaka. Akazima injini. Akasema, "Wewe unajua ni watu wangapi wanapanda humu? Wanaingia wananitazama kama kitasa. Sisemi kwa ubaya, hata mimi kitasa sikisalimii. Siku nilipomwona Juniper, nilijiona mimi. Yule mwenye sikio moja ambalo halikumaliziwa. Hilo sikio ndilo nililolinunua, mengine yote ni nyongeza."

Sikumwambia habari ya kahawia kuisha, naapa. Alisema "halikumaliziwa" mwenyewe.

Nikamwambia unachokiogopa, kwamba atauzwa. Hakunificha. Tayari kuna mtu wa Texas amemtaka kwa bei mara tatu. "Nimemkatalia," akasema. "Lakini siwezi kukuapia. Nikiumwa mgongo, basi likinitupa, sijui nitauza nini." Halafu akawasha injini. "Mwambie huyo mama hivi. Sikio la vazi halijafunikwa bado. Akisema kahawia, litakuwa kahawia. Ila aseme yeye. Mimi namheshimu, nami nataka aniheshimu, sitaki kuletewa hukumu na mtoto."

Basi sema, Mama Mkubwa. Mshonaji anasubiri hadi mwisho wa Mei. Ukisema kahawia sitakulaumu, nitampeleka jibu mimi mwenyewe na nitalia nyuma ya basi.

Kiti cha pili bado ni chako.

Maren


Pittsburgh, 14 Mei 2017

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mama ameniambia Toivo alikuona kanisani, kwa hiyo u mzima. Geneva ananiuliza kwa macho kila nikipanda. Mshonaji ameandika tena. Sikuharakishi. Nakuharakisha kidogo.

Nimekukumbuka.

Maren


Munising, 27 Mei 2017

Mwanangu Maren,

Marahaba. Theluji imeyeyuka yote na sasa nina mbu badala yake. Rutabaga amekamata panya mmoja na anajiona mfalme. Muulize mama yako atakuja lini, farasi wanamuulizia.

Nilianza kukuandikia kahawia. Niliandika kabisa, nikafunga bahasha, nikatembea nayo hadi posta, nikarudi nayo. Halafu nikaanza kuandika nyeupe, nikashindwa vilevile. Nikawa mwezi mzima na bahasha mbili mezani na mimi katikati.

Jumatano nikaigeuza ile picha ya jikoni. Basi, Maren, yuko vilevile, ananicheka. Mimi ndiye niliyezeeka.

Hukuwahi kumwona Verlin katika vazi. Nilimshonea mwaka wa tisini na moja kutoka kwenye kitambaa cha kochi na koti jeupe la manyoya la mama yetu. Alikuwa mbaya ajabu, alifanana na mto uliolowa, na alikwenda nalo kila mahali hadi likachakaa. Nondo wamelila. Nilikuwa nimelificha sikio peke yake ndani ya kopo la kahawa, ndilo lililopona.

Ndilo hilo kwenye kifurushi. Nimelifua kwa mkono na kulianika kivulini. Mpelekee Geneva amtumie mshonaji wake, alifumue, ngozi yake inatosha kulifunika sikio jipya kama hatakata ovyo. Mwambie nimesema mimi, nyeupe.

Sasa nisikilize vizuri, maana umeanza kujua bei na utataka kunifundisha. Usichukue hata senti. Na zile dola mia mbili za mwanzo mrudishie, azikatae asizikatae, ziweke juu ya usukani ushuke. Namtaka Juniper awe zawadi, sikio na mwili. Geneva ni mtu wetu, desturi anaijua. Aliyepewa hauzi. Siku akimchoka ampe mwingine bure, na huyo ampe mwingine, na huyo wa Texas akalale na pesa zake.

Nilikuambia zawadi ni moja au mbili maishani. Hii ni yangu ya pili. Ya kwanza ilikuwa kumwacha Verlin abaki na picha ambayo haikuisha. Dola zake kumi na mbili nilimrudishia siku aliyokuja.

Julai siji. Siwezi kuliona sikio lile likitembea. Bado.

Mama Mkubwa wako


Pittsburgh, 5 Julai 2017

Mama Mkubwa wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Mkutano umeisha, miguu imevimba, nimeuza beji zote na nimekataa kupunguza bei mara nyingi hadi jirani yangu wa meza akaniita benki. Mama alikuja kunisaidia siku moja, akamwita kila mteja "mpenzi" na akampunguzia mmoja nyuma ya mgongo wangu.

Pesa niliweka juu ya usukani kama ulivyosema. Geneva akanifuata hadi mtaani, basi akaliacha limejaa watu, anapiga kelele, "Mimi siombi msaada!" Nikamwambia, "Siyo msaada, ni zawadi, ya Aili." Akasimama. Abiria wanapiga honi wenyewe kwa mkono. Akaniuliza, "Zawadi kweli? Ya desturi?" Nikasema ya desturi. Akanipa mkono, mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima, akarudi kwenye basi akizikunja zile noti, na machozi anayafuta na tai ya kazi.

Jumamosi nilikuwa mezani, kiti cha pili kitupu, nimekiwekea koti langu watu wasikichukue. Milango ya ukumbi iko mbali na jua lilikuwa nyuma yake. Wakaingia wengi pamoja, mikia na masikio, sioni sura. Nikaliona sikio. Katika ukumbi wote ule, Mama Mkubwa, nililiona lile peke yake, nikahisi nina miaka sita na miguu haifiki chini.

Geneva alikuwa anaungua na joto humo ndani ya vazi. Nikaondoa koti, akakaa kwenye kiti chako, nikamwashia feni. Nisamehe. Ni yeye tu ningemruhusu.

Akiwa hapo, akapita mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, beji yake ya karatasi imegeuka rangi ya chai, imechorwa nungunungu. Akapita, akarudi. Akasimama mbele ya Juniper. Akasema polepole, "Fenwick?"

Geneva akajibu kutoka ndani ya kichwa, "Hapana, bwana. Lakini sikio ni lake."

Mzee akaomba kuligusa. Geneva akainama. Aliligusa kwa kidole kimoja tu, kwenye ukingo. Anaitwa Lowell Strand, anasema alikuwa nanyi kwenye kile kijarida, na beji ile ulimchorea wewe mwaka wa tisini. Anasema siku moja ya baridi Verlin alimwazima koti lake, naye hadi leo hajalirudisha. Akacheka, akalia, akaniuliza, "Na Aili? Aili bado anachora? Hii beji yangu imekwisha, na sitaki ya mtu mwingine."

Nimeshika jibu hadi leo. Ameacha anwani yake. Nimwambie nini?

Mwanao,
Maren


Munising, 16 Julai 2017

Maren mwanangu,

Marahaba. Huku ni mbu tu na watalii.

Lowell yule! Koti lenyewe lilikuwa la kijani. Alichora vibaya na alicheka vizuri.

Barua yako niliisomea barazani, nikamsomea na Rutabaga, halafu nikaisoma tena jikoni kwa sauti ili asikie na yule wa ukutani. Pale Geneva aliposema "sikio ni lake" nilirudia mara ya pili. Mshukuru. Mwambie asiliweke juani muda mrefu. Ni lazima atoke jasho, lakini lisilowe.

Usiniombe radhi kwa kiti. Mwakani uombe meza nzima. Viti vinne: wewe, mimi, Geneva, na mama yako mbali kabisa na sanduku la pesa.

Mwandikie Lowell kwamba beji ni dola sitini, nusu mbele, nungunungu ana miiba mingi na miiba inalipiwa. Kwa ajili ya koti ongeza kumi. Akilalamika mwambie ndiyo bei, foleni imefunguliwa leo na yeye ni wa kwanza.

Asubuhi nimeendesha gari hadi Marquette. Nimenunua kahawia.

Mama Mkubwa wako,
Aili